Programu imesema nisubiri. Mama Nauli, nisubiri?

Mama Nauli alikata tiketi za ndege mjini Kampala kwa miaka 22 kabla ya kustaafu. Kila toleo anajibu barua za wasomaji kuhusu safari.

Mama Nauli, salamu kutoka Jinja. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Binti yangu anamaliza masomo Boston na mahafali ni katikati ya Mei. Tunataka kwenda wawili, mimi na mama yake. Mpwa wangu ameniwekea kwenye simu programu ya kutabiri nauli. Tangu Februari ianze, kila nikiifungua inaonyesha dola 1,420 kwa mtu mmoja, kwenda na kurudi, na mshale wa kijani umeelekea chini: subiri, bei inaweza kushuka kwa dola 160. Shemeji yangu wa Kampala anasema huo ni upuuzi, nikate leo hii. Sasa yeye na mpwa hawaongei vizuri. Hizi programu ni za kuaminika kiasi gani?
*Mwalimu, Jinja*

Mwalimu, kabla sijaugusa mshale wako: viza mmepata? Hukuniambia, na programu haikukuuliza. Ubalozi wa Marekani wenyewe huwashauri waombaji wasikate tiketi isiyorudishiwa pesa kabla viza haijatoka. Kama pasi zenu bado ziko ubalozini Nsambya, ugomvi wa shemeji na mpwa umekwisha. Mnasubiri, ila mshale hauhusiki.

Tuseme viza zimo ndani ya pasi. Sasa tuongee.

Biashara hii ya kutabiri nauli ilianzishwa na abiria aliyekasirika. Oren Etzioni alikuwa profesa wa sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Washington, kule Seattle. Alikata tiketi mapema kwenda harusi ya ndugu yake Los Angeles, kama tulivyofundishwa sote kwamba anayewahi hulipa kidogo. Hewani akawauliza majirani zake wa kiti walilipa ngapi. Akakuta kuna waliokata baada yake na kulipa pungufu. Mtu mwingine angenuna mpaka ndege itue. Yeye alirudi kazini akaanza kukusanya bei. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha matokeo: bei zaidi ya 12,000, zilizokusanywa kwa siku 41, na kompyuta iliyofundishwa kusema maneno mawili tu, kata au subiri. Waliijaribu kwa abiria 341 wa kubuni, ikawaokolea dola 198,074. Mpiga ramli wa kweli, anayeziona bei zote za kesho, angewaokolea 320,572. Kwa hiyo kompyuta ilipata kama asilimia 62 ya kilichowezekana kupatikana. Si haba hata kidogo. Kazi hiyo ikazaa kampuni iliyoitwa Farecast, Microsoft wakainunua mwaka 2008, na mwaka 2014 kile kipengele cha kutabiri kikaondolewa.

Lakini angalia walijaribu wapi. Njia mbili tu: Los Angeles kwenda Boston, na Seattle kwenda Washington. Hizo ni njia zenye ndege nyingi kila siku, mashirika yanayogombania abiria walewale, na bei zinazopanda na kushuka mara kwa mara. Mahali kama hapo kompyuta ina mengi ya kujifunza. Safari yako wewe inaanzia Entebbe. Hakuna ndege inayotoka hapo moja kwa moja mpaka Boston. Utapitia Doha, au Istanbul, au Dubai, au Amsterdam, na pengine kipande cha mwisho utarushwa na shirika jingine kabisa. Watu wanaoitafuta safari hiyo kwa siku ni wachache sana ukiwalinganisha na wale wa Los Angeles. Programu ikikupa jibu kwa ujasiri uleule inaoutumia kwa Mmarekani, ujue ujasiri ni uleule ila ushahidi nyuma yake umekonda.

Nikueleze bei yenyewe inavyotembea, maana wengi hudhani kuna mtu ameketi mahali anabandika bei mpya kila asubuhi. Umewahi kumwona mama wa soko la Owino akipanga nyanya? Fungu la elfu moja, fungu la elfu mbili, la elfu tatu. Ndege ni hivyohivyo. Viti vya daraja la kawaida vinafanana vyote, goti linabanwa vilevile, lakini ndani ya kompyuta vimegawanywa mafungu, na kila fungu lina herufi yake, bei yake na masharti yake. Fungu la chini likiisha, linalofuata ndilo linalouzwa. Mengine hufungwa kwa tarehe: nauli nyingi za chini hutaka uwe umelipa siku 21, 14 au 7 kabla ya kuruka, na siku hiyo ikipita, zinatoweka hata kama ndege ina viti vitupu. Na mara nyingine, ndege ikionekana inajaa polepole, shirika hulifungua tena fungu la chini. Hapo ndipo bei hushuka, na hapo ndipo programu inapobashiri kwamba patatokea tena, kwa kuwa mwaka jana palitokea.

Konda wa basi pale Kisenyi naye hutabiri nauli. Tarehe 20 Desemba anatazama foleni, anatazama mabasi yaliyorudi, anajua kesho atapandisha kiasi gani. Tofauti yake na programu yako ni kwamba konda anaiona foleni ya leo. Programu inazo kumbukumbu za foleni za zamani, na bei za leo zilizobandikwa ukutani, basi. Viti vingapi vimebaki katika kila fungu, na shirika limepanga kufanya nini wiki ijayo, hayo yako ndani ya shirika.

Ndiyo maana jambo jipya huivuruga. Fikiria aliyekuwa anatabiri nauli za Entebbe na London. Oktoba 2015 British Airways iliacha kuja kwetu. Machi 2020 uwanja ukafungwa kwa abiria kwa sababu ya korona, ukafunguliwa Oktoba mosi. Mei 2025 Uganda Airlines ikaanza kuruka moja kwa moja mpaka Gatwick. Kila mara, kumbukumbu za miaka ya nyuma ziligeuka gazeti la kufungia maandazi. Hakuna mshale ungeyaona hayo mapema, na siulaumu.

Utakutana na matangazo. Kampuni ya Hopper ya Kanada imekuwa ikitangaza kwamba utabiri wake ni sahihi kwa asilimia 95. Sibishi, ila nauliza maswali ya mwalimu kwa mwalimu: nani ametunga mtihani, na nani ameusahihisha? Takwimu hiyo inatoka kwa kampuni yenyewe. Na usahihi wa nini? Ukimwambia abiria mwenye siku nne mkononi "kata sasa, itapanda," utapatia karibu kila siku bila kompyuta. Swali gumu ni lako, la miezi mitatu kabla, na wastani wa maswali yote ya dunia hauniambii kitu kuhusu swali lako.

Mimi hupenda kuangalia wanapoweka pesa yao. Mwaka 2019 Google walijaribu kitu kizuri: kwa tiketi fulani walizokuwa na uhakika nazo, waliahidi kwamba bei ikishuka baada ya wewe kukata, watakurudishia tofauti. Ahadi hiyo ilikuwa ya safari zinazoanzia Marekani. Mshale wako wa Entebbe haujakuahidi hata senti. Ukisubiri na bei ikapanda, programu inabadilisha rangi tu, kijani kinakuwa chekundu, na wewe unalipa.

Hili nalijua kwa mwili wangu. Mwaka 2017, nikiwa bado kazini, mdogo wangu anayeishi Uingereza alitaka kuleta familia nyumbani Krismasi: yeye, mkewe na watoto wawili. Akanipigia mwishoni mwa Septemba. Kwenye mashine yangu niliona bei ya wastani, nzuri kidogo. Kwenye simu nikafungua programu moja iliyokuwa inasifiwa siku hizo, nayo ikasema subiri. Ilikuwa na grafu nzuri sana, yenye kivuli cha buluu. Nikamwambia asubiri. Mimi, ambaye niliwahi kuandika tiketi kwa mkono kwenye vile vitabu vya kaboni nyekundu kabla havijaondolewa 2008! Siku ya tisa bei ilikuwa imepanda pauni 210 kwa kila mmoja. Mara nne. Mganga hajigangi, na ndugu wa mganga ndiye hatibiwi kabisa. Mpaka leo kila Krismasi, kuku akishakatwa, mdogo wangu huuliza mezani kama nimeshaangalia kivuli cha buluu.

Niliporudi kujichunguza niligundua sikudanganywa na programu. Nilijidanganya. Ilikuwa inatabiri bei ya kiti kimoja katika siku za kawaida. Mimi nilitaka viti vinne, siku ambazo shule za Uingereza zimefungwa na kila Mganda wa London anafunga begi. Fungu la chini likibakiwa na viti vitatu, kwa mtu mmoja bei haijabadilika. Kwa familia ya wanne limekwisha.

Sasa wewe, Mwalimu. Tarehe ya mahafali haisogei, na abiria ambaye tarehe yake haisogei hana cha kuchezea. Ukisubiri na mshale ukasema kweli, wawili mtaokoa dola 320, zaidi ya shilingi milioni moja. Ni pesa, sikatai. Ukisubiri na mshale ukakosea, hakuna aliyekuwekea kikomo cha juu. Programu imekuonyesha faida inayowezekana, ikanyamaza kuhusu hasara inayowezekana. Hicho ndicho kinachoniudhi kuliko kukosea kwenyewe.

Ningefanya hivi. Chukua daftari. Kila jioni saa ileile andika bei ya safari moja ileile, mashirika yaleyale, watu wawili, na pembeni uandike programu imesema nini. Fanya siku 14. Ukiona bei inacheza 1,400, 1,450, 1,390, basi kweli kuna mchezo na kusubiri kidogo si wazimu. Ukiona 1,420 siku zote 14 huku mshale ukiahidi tu, huo ni mshale wa mapambo. Wakati huohuo kubaliana na mama watoto, leo, kabla presha haijapanda: ikifika 1,340 tunakata bila kuulizana, ikivuka 1,480 tunakata vilevile, na Machi ikiisha tunakata hata iweje. Weka pia arifa ya bei ili simu ikuamshe. Arifa naiamini kuliko utabiri, kwa sababu inakuambia kilichotokea.

Na kuna mlango ambao shemeji hajakuambia. Sheria ya Marekani inayataka mashirika yampe mnunuzi saa 24: ama ashikiliwe bei bila kulipa, ama aruhusiwe kufuta bila adhabu, mradi amekata siku 7 au zaidi kabla ya kuruka. Inahusu ununuzi wa moja kwa moja kwa shirika. Wakala hafungwi nayo. Binti yako yuko hukohuko. Akikata yeye kwenye tovuti ya shirika ya upande wa Marekani, na kesho yake asubuhi bei ikashuka, anafuta na kukata upya. Ni siku moja tu, lakini ni siku ambayo imeandikwa kwenye sheria.

La mwisho. Bei ya 1,420 ina begi? Programu hupanga kwa kuanza na iliyo chini, na iliyo chini mara nyingi ni nauli isiyo na hata begi moja la kupakia. Sidhani mama yake atakubali kwenda mahafali ya binti mikono mitupu. Linganisha bei zenye begi kwa bei zenye begi, unaweza kukuta ile ya pili kwenye orodha ndiyo rahisi.

Dada, mimi ni mwanajeshi mstaafu, niko Bombo. Tunapanga Umra ya Ramadhani, tuko watano wa familia moja. Nimetafuta nauli ya Jeddah mara nne kwa siku moja na kila mara imepanda. Mjukuu wangu anasema simu inanipeleleza, ikiona nina haja inapandisha. Amenifundisha kufungua dirisha la siri. Je, ni kweli? Na programu za kutabiri zinaijua Ramadhani?
*Afande mstaafu, Bombo*

Afande, nitajibu kwa ushahidi wa kazini. Mashine ya wakala haikujui. Haina simu yako, haina jina lako mpaka uamue kukata. Na bado kwa miaka 22 niliona bei zikipanda mbele ya macho yangu kati ya chai ya saa nne na chakula cha mchana, mteja akiwa ameketi pale pale ananitazama kama mwizi. Hakuna aliyempeleleza. Mtu mwingine, pengine Nairobi, pengine Juba, alikuwa amechukua viti vya mwisho vya fungu la chini. Halafu kuna jambo dogo: bei unayoionyeshwa kwanza na programu za kulinganisha huwa imehifadhiwa tangu saa kadhaa zilizopita. Ukibonyeza, inakwenda kuuliza upya, na inakuja bei ya kweli. Inaonekana kama imepanda kwa sababu yako, kumbe ilishapanda kabla hujaamka. Dirisha la siri halikudhuru, mwache kijana afurahi.

Kinachokuumiza ni hiyo namba tano. Tafuta sasa hivi kwa mtu mmoja, kisha kwa watano. Ukiona bei kwa kichwa ni tofauti, maana yake fungu la chini lina viti pungufu ya vitano, na mashine, badala ya kukupa vitatu rahisi na viwili ghali, inawapeleka wote watano kwenye fungu ghali. Unaweza kukata mara mbili, watatu kisha wawili. Nimewafanyia hivyo wengi. Lakini mwambie wakala aandike kwenye bukingi zote mbili kwamba ni watu wa safari moja, na usiwaweke wazee peke yao katika moja. Ndege ikighairiwa, shirika linaweza kuzihamishia bukingi hizo kwenye ndege mbili tofauti, na hapo utatamani ungelilipa ile bei ghali.

Ramadhani ni swali zuri kuliko unavyodhani. Mwezi huo unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida. Mwaka 2024 ulianza wiki ya pili ya Machi, 2025 ukaanza mwanzoni mwa Machi, 2026 ukaangukia Februari. Programu inayolinganisha tarehe ya leo na tarehe ileile ya mwaka jana itaziona siku zako za kumi la mwisho, ambazo watu humiminika Makka kuliko wakati wowote wa mwezi huo, kana kwamba ni siku za kumi la kati tu. Itakwambia bei iko juu mno, subiri ishuke. Haitashuka. Walioiunda wanaweza kuwa wameliwazia hilo, lakini mimi nisingeweka akiba ya Umra juu ya "wanaweza". Wewe una kalenda ya msikiti ukutani. Hesabu nayo, na ukiweza nendeni kumi la kwanza.

Mama, habari za siku. Nina duka la nguo Arua, huenda Dubai mara tatu kwa mwaka. Programu ninayotumia inaniuzia kitu cha kugandisha bei: nilipe dola 30 leo, nauli isimame siku 7. Na hiyohiyo programu inasema bei itashuka! Ni wizi?
*Mwenye duka, Arua*

Nimecheka, binti yangu. Umeona kitu ambacho watu wenye digrii hawakioni. Anayekuambia mvua haitanyesha ndiye anayekuuzia mwavuli.

Si wizi. Ni bima. Unalipa ili mwingine abebe hatari kwa wiki moja. Kama unasubiri malipo ya mteja yaingie Ijumaa, inaweza kufaa. Ila soma maandishi madogo, mambo mawili. Kwanza, kuna kikomo: bei ikipanda sana, kampuni hulipa mpaka kiasi fulani, kinachozidi ni chako. Pili, zile dola 30, zinakatwa kwenye tiketi ukinunua au zimekwenda? Jibu hubadilika kutoka programu moja hadi nyingine. Ukifanya hivyo mara tatu kwa mwaka na hazirudi, ni dola 90, na kwa dola 90 unajua mwenyewe unapata nini kule Deira.

Kabla hujalipa, mpigie wakala aliye na leseni. Kwenye mashine zetu, iwe Amadeus au Galileo, bukingi ikitengenezwa hupewa saa ya mwisho ya kulipia, sisi tuliiita taimu limiti. Nauli nyingine hutoa saa chache, nyingine siku moja, mbili, hata zaidi, na nyingine zinataka ulipe papo hapo. Muda huo kiti chako kimeshikwa katika fungu lake na hujatoa shilingi. Bei haijafungwa kisheria mpaka tiketi itoke, shirika likibadilisha nauli yenyewe au kodi utaongezewa, lakini nimewashikia wateja bukingi maelfu na walioongezewa nawahesabu kwa vidole. Mashirika huwakasirikia mawakala wanaoshika viti ovyo, kwa hiyo usimwombe akushikie sita halafu uchukue moja.

Kuhusu utabiri, wewe ndiye abiria hasa ambaye hizi programu zilitengenezewa. Kwenda Dubai kutoka Entebbe mashirika zaidi ya moja yanaruka moja kwa moja, na mengine yanakupitisha Addis au Nairobi kwa bei ya chini. Kuna ushindani, kuna kumbukumbu nyingi, na zaidi ya yote wewe huna mahafali wala mwezi mtukufu. Ukienda wiki hii au ijayo, nguo ni zilezile. Acha kuuliza "bei ya tarehe 12 itashuka?" Fungua kalenda ya bei ya mwezi mzima, uchague siku ya chini. Hapo hutabiriwi chochote, unaonyeshwa.

Halafu hesabu kilo. Wewe hurudi na marobota. Nauli iliyo chini kwa dola 40 lakini yenye kilo 20 badala ya 40 itakula faida ya blauzi zako pale kaunta ya uwanja wa ndege, na hakuna programu ya kutabiri niliyowahi kuiona inayokuuliza unarudi na nini.

Mama Nauli, je, ni kweli tiketi zinazokatwa Jumanne usiku ni rahisi?
*Msomaji, Fort Portal*

Zamani mashirika ya Marekani yalizoea kutangaza punguzo mwanzoni mwa wiki na wenzao wakawafuata, ndipo msemo ukazaliwa. Google walipopekua bei zao za miaka mitano za huko Marekani, tofauti ya kununua Jumanne badala ya mwishoni mwa wiki haikufika asilimia 2. Siku ya kuruka ndiyo iliyokuwa na uzito: katikati ya wiki ilikuwa rahisi kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo Jumanne usiku lala. Asubuhi ukiamka, uliza bei ya kuruka Jumatano.